Chembe kuipita nuru: habari za mwaka 2011 na jinsi ya kuzipima

Ijumaa, Septemba 23, 2011, katika ukumbi wa CERN, shirika la Ulaya la utafiti wa nyuklia lililo karibu na mji wa Geneva nchini Uswisi, mwanafizikia Dario Autiero alisimama mbele ya wenzake akaeleza kwamba chembe ndogo mno ziitwazo nyutrino zilikuwa zimepimwa zikifika mwisho wa safari yao nanosekunde 60 kabla ya wakati ambao nuru ingefika. Habari hiyo ilikuwa imekwisha kuvuja siku moja kabla, na kufikia jioni ilikuwa imezagaa duniani kote, mara nyingi chini ya vichwa vilivyotangaza kwamba Albert Einstein alikuwa amekosea. Miezi tisa baadaye, Juni 8, 2012, katika kongamano lililofanyika Kyoto nchini Japani, mkurugenzi wa utafiti wa CERN, Sergio Bertolucci, alitangaza kwamba majaribio manne, likiwemo lile lile la awali, yalikuwa yamekubaliana kwamba nyutrino haziipiti nuru. Tangazo hili la pili halikupewa nafasi iliyopewa lile la kwanza.

Pengo baina ya habari hizo mbili ndilo linalomfikia msomaji wa leo. Mwanafunzi wa Kakuyuni, upande wa bara wa mji wa Malindi katika Kaunti ya Kilifi, akitafuta kwa simu yake habari za chembe ziendazo mbio kuliko nuru, atakutana na vichwa vya Septemba 2011 vikiwa vizima kama vilivyochapishwa, vingi bila alama yoyote ya kumwonya kwamba vilibatilishwa. Darasani ameandikiwa ubaoni kuwa nuru husafiri takriban mita milioni 300 kwa sekunde na kuwa hakuna kitu chenye uzito kiwezacho kufikia kasi hiyo. Simu inamwambia vingine. Mwalimu wake naye hana mtambo wa CERN wala saa ya atomiki. Alicho nacho ni taarifa ile ile ya gazeti. Hata hivyo, taarifa hiyo ikisomwa vyema inatosha kwa sehemu kubwa, kwa kuwa mengi ya kutilia shaka yalikuwa yamo ndani yake tangu siku ya kwanza.

Kilichopimwa

Jaribio lenyewe liliitwa OPERA, na liliwashirikisha watafiti wapatao 160. Nyutrino zilizalishwa CERN kwa kuzigongesha protoni kwenye kipande cha grafiti, kisha zikaelekezwa kupitia ardhini hadi maabara ya Gran Sasso, katikati ya Italia, iliyochimbwa chini ya mlima wenye mwamba wa takriban mita 1,400 juu yake. Umbali kati ya vituo hivyo viwili ni kilomita 730 na ushei. Mstari ulionyooka wa urefu huo, ukianzia Malindi kuelekea magharibi, ungevuka Kisumu na kukoma kabla ya Busia. Nuru huyakata masafa hayo kwa milisekunde 2.4 hivi, yaani chini ya sehemu moja ya mia nne ya sekunde.

Nyutrino hazihitaji bomba wala njia. Hupenya mwamba bila kizuizi kwa kuwa ni nadra mno kugusana na kitu chochote. Jambo hili liliwaponyoka hata wakubwa. Siku ile ile ya tangazo, wizara ya elimu na utafiti ya Italia, wakati huo ikiongozwa na Mariastella Gelmini, ilitoa taarifa ya pongezi iliyotaja mchango wa Italia wa takriban euro milioni 45 katika ujenzi wa handaki kati ya CERN na Gran Sasso. Handaki hilo halipo wala halijawahi kuwapo. Waitaliano waliifanyia mzaha taarifa hiyo kwa muda, lakini mhariri yeyote aliyeinakili kama ilivyo alikuwa amewachimbia wasomaji wake shimo la kilomita 730.

Sasa zitazamwe hizo nanosekunde 60. Nanosekunde moja ni sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni moja, na katika muda huo nuru husogea sentimita 30 tu. Kwa hiyo nyutrino zilidaiwa kuitangulia nuru kwa mita 18 baada ya safari ya kilomita 730. Ni kama mwanariadha kumshinda mwenzake kwa mita moja mwishoni mwa marathoni ya kilomita 42. Mshindi wa namna hiyo hupatikana, na Wakenya wanajua. Lakini katika mbio hizo wakimbiaji wote wawili huonekana kwenye utepe mmoja. Katika OPERA mkimbiaji wa pili hakuwapo. Hakuna nuru iliyopitishwa ndani ya mwamba ili ishindane na nyutrino. Wakati wa nuru ulikokotolewa kwa karatasi: umbali ukagawanywa kwa kasi ya nuru, ambayo tangu mwaka 1983 imewekwa kuwa mita 299,792,458 kamili kwa sekunde. Ushindi wote, basi, ulitegemea mambo mawili, yaani urefu wa njia na saa mbili zilizo mbalimbali, moja Uswisi na nyingine Italia, ambazo lazima zisome wakati mmoja.

Urefu wa njia ulipimwa kwa setilaiti hadi usahihi wa sentimita 20, nao haukuleta matata. Matata yalikuwa kwenye saa.

Takwimu zilizosomwa vibaya

Watafiti waliandika kwamba tofauti waliyoipata ilikuwa nanosekunde 60.7, na wakaambatisha kasoro mbili zinazoweza kuwapo: 6.9 zitokanazo na uhaba wa matukio yaliyohesabiwa, na 7.4 zitokanazo na vyombo. Matukio yenyewe yalikuwa zaidi ya 16,000, yaliyokusanywa kwa muda wa miaka mitatu kuanzia 2009. Kwa kuwa 60 ni takriban mara sita ya kasoro hizo zikijumlishwa kwa kanuni yake, na kwa kuwa wanafizikia kwa kawaida huridhika na mara tano, magazeti mengi yalieleza kwamba uwezekano wa kosa ulikuwa mdogo kupita kiasi.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Hesabu hiyo hueleza uwezekano wa bahati mbaya miongoni mwa kasoro zilizokwisha kujulikana na kuorodheshwa. Haisemi lolote kuhusu kasoro ambayo hakuna aliyeifikiria. Mfanyabiashara wa soko la Malindi anaweza kupima kilo moja ya korosho mara elfu moja kwa mizani yake na kupata jibu lile lile kila mara. Wingi wa vipimo unathibitisha kwamba mizani haitetemeki, lakini hauthibitishi kwamba haikupotoka tangu asubuhi. Msomaji anapokutana na maneno "uhakika wa asilimia 99.9999" katika habari ya sayansi, analopaswa kuuliza ni uhakika wa nini hasa.

Ni haki kuongeza kwamba watafiti wenyewe walikuwa waangalifu kuliko walioripoti. Anwani ya karatasi yao ilisema tu kwamba ni kipimo cha kasi ya nyutrino. Haikumtaja Einstein, haikutaja kupita nuru. Walikataa kwa makusudi kutoa maelezo ya kinadharia, na wakawaomba wanasayansi wengine watafute kosa. Baadhi ya wanachama wa kundi hilo hilo waliona hata hatua hiyo ni ya haraka, wakakataa kutia majina yao kwenye karatasi. Hili la mwisho lilikuwa habari nzito, na pale lilipotajwa lilipata sentensi moja chini kabisa. Katika chumba chochote cha habari, wana wa nyumba wakikataa kutia sahihi, hiyo ndiyo aya ya pili.

Vilevile, jaribio la Marekani liitwalo MINOS lilikuwa limepata mwaka 2007 matokeo yanayofanana kwa sura: nyutrino zilizoonekana kutangulia kidogo. Lakini kasoro yake ilikuwa kubwa mno, tofauti ikiwa haifiki hata mara mbili ya kasoro, na watafiti wake wakasema wazi kwamba matokeo hayo hayapingani na kasi ya nuru. Halikuandikwa popote kwa wino mzito. Mwaka 2011, lilipokumbukwa, baadhi walilitaja kana kwamba ni shahidi wa OPERA. Shahidi aliyesema "sijui" alikuwa amegeuzwa kuwa aliyesema "ndiyo".

Uthibitisho usiokuwa uthibitisho

Novemba 2011 OPERA ilirudia kipimo. Hoja iliyokuwa imetolewa na wengi ni kwamba protoni zilikuwa zikipigwa kwa mikupuo mirefu ya takriban maikrosekunde 10, hivi kwamba haikujulikana nyutrino fulani ilitoka mwanzoni au mwishoni mwa mkupuo. CERN ikatengeneza mikupuo mifupi ya nanosekunde 3 tu. Nyutrino 20 zilinaswa, na jibu likawa lile lile, nanosekunde 62. Vichwa vya habari vikasema matokeo yamethibitishwa.

Kwa kweli kilichothibitishwa ni kimoja tu: kwamba urefu wa mikupuo haukuwa chanzo. Saa zilikuwa zile zile, nyaya zile zile, mtambo ule ule, watu wale wale. Kurudia kipimo kwa chombo kile kile ni kazi njema, lakini si sawa na kipimo cha mtu mwingine mwenye chombo chake. Laiti mwandishi angeuliza swali moja, "Je, saa nazo zilibadilishwa?", habari ya Novemba ingekuwa fupi na ya ndani ya gazeti.

Februari 2012 CERN ilitangaza kwamba kasoro mbili zimegunduliwa. Ya kwanza, na ndiyo kubwa, ilihusu kebo ya faiba, jamaa ya zile zinazoleta intaneti Mombasa kupitia chini ya bahari tangu 2009. Kebo hiyo, yenye urefu wa kilomita 8.3, ilikuwa ikipeleka ishara ya wakati wa GPS kutoka juu ya ardhi hadi kwenye saa kuu ndani ya mlima. Ishara huchukua takriban nanosekunde 41,000 kupita humo, na muda huo hujumlishwa katika hesabu. Lakini kiungio cha kebo kilikuwa hakijakazwa sawasawa. Nuru iliyopita ikawa hafifu, na chombo cha kupokea kikachelewa kuitambua kwa nanosekunde 73 hivi kuliko ilivyodhaniwa. Saa ya Gran Sasso ikawa nyuma kwa kiasi hicho. Mwenye saa iliyo nyuma akimpokea mgeni, humwona amewahi. Kasoro ya pili, katika kidude kinachohesabu mapigo ya saa, ilivuta upande wa pili kwa takriban nanosekunde 15. Ukitoa moja kwa nyingine unabaki na kitu kisichokuwa mbali na 60.

Namna kasoro hiyo ilivyothibitishwa inastahili kusimuliwa, ingawa haikusimuliwa sana. Ndani ya mlima ule ule kulikuwa na mtambo mwingine, LVD, wenye saa yake. Mara chache, chembe ziitwazo miuoni, zizaliwazo na mionzi itokayo angani, hupita zikiwa zimelala karibu na usawa wa ardhi kiasi cha kuipita mitambo yote miwili kwa mfululizo. Watafiti walifukua kumbukumbu za miaka kadhaa wakalinganisha nyakati. Wakaona kwamba kuanzia katikati ya 2008 hadi mwisho wa 2011 saa ya OPERA ilikuwa imehama kwa takriban nanosekunde 73 ikilinganishwa na ya jirani. Ushahidi ulikuwa umekaa kwenye kumbukumbu muda wote huo, ukimngoja wa kuutazama.

Machi 2012 kundi jingine la Gran Sasso, ICARUS, likitumia nyutrino zilizotoka CERN, lilitangaza kwamba katika kipimo chake zilifika kwa wakati unaolingana na kasi ya nuru. Mwishoni mwa mwezi huo msemaji wa OPERA, Antonio Ereditato, pamoja na Autiero aliyekuwa mratibu wa fizikia, walijiuzulu nyadhifa zao baada ya kura ya kutokuwa na imani iliyowagawa wenzao. Kipimo cha mwisho cha OPERA chenyewe, baada ya kebo kukazwa na hesabu kurekebishwa, kilionyesha tofauti ya nanosekunde 6.5, ndogo kuliko kasoro ya kipimo. Yaani hakuna tofauti.

Ushahidi uliokuwapo tangu 1987, na sehemu ya Ngomeni

Kuna njia nyingine ya kuipima habari ya namna hii isiyohitaji kungoja kebo ikaguliwe. Ni kuuliza: kama hili ni kweli, ni mambo gani mengine ambayo yangepaswa kuwa yametokea?

Februari 23, 1987, nuru ya nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, takriban miaka ya nuru 168,000 kutoka hapa, iliwasili duniani. Nyota hiyo ilionekana kwa macho matupu katika anga ya kusini. Hata pwani ya Malindi, gizani, mtu aliyetazama upande wa kusini miezi ile angeweza kuiona. Saa kadhaa kabla ya nuru, mitambo mitatu nchini Japani, Marekani na iliyokuwa Umoja wa Kisovieti ilinasa nyutrino zipatazo dazeni mbili kutoka kwenye mlipuko huo. Kutangulia huko hakukuwa kwa sababu ya kasi: nyutrino huchomoka kutoka kiini cha nyota mara tu kinapoporomoka, ilhali nuru hungoja hadi wimbi la mlipuko lifike juu. Ikiwa nyutrino zingekuwa na ile ziada ya kasi iliyodaiwa na OPERA, katika safari ya miaka 168,000 zingetangulia kwa miaka minne na zaidi. Zilitangulia kwa saa. Nyutrino za 1987 zilikuwa na nishati ndogo kuliko za CERN, na watetezi wa OPERA walishika tundu hilo. Lakini yeyote aliyeandika Septemba 2011 bila kuitaja nyota hii aliwanyima wasomaji nusu ya kesi.

Nusu iliyobaki ilitolewa wiki hiyo hiyo na Andrew Cohen na Sheldon Glashow, wanafizikia wa Marekani, waliokokotoa kwamba nyutrino ipitayo kasi ya nuru ingepoteza nishati njiani kwa kumwaga jozi za elektroni na pozitroni. Kundi la ICARUS likatazama nyutrino zilizofika: nishati yake ilikuwa haijapungua. Hiyo ilikuwa Oktoba 2011, miezi minne kabla ya kebo kutajwa.

Mtambo wa Kijapani ulionasa nyutrino za 1987, Kamiokande, ulimpatia kiongozi wake, Masatoshi Koshiba, Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2002. Koshiba na Raymond Davis waligawana nusu ya tuzo hiyo. Nusu nyingine ilikwenda kwa Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa nchini Italia, kwa kazi ambayo ina mizizi Kaunti ya Kilifi. Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ras Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza anga kwa mionzi ya eksirei. Kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Ilifanya kazi hadi 1973 na kuorodhesha vyanzo 339 vya mionzi hiyo.

Mmoja wa vyanzo hivyo, Cygnus X-1, unahusika moja kwa moja na mada hii. Uhuru iligundua kwamba mng'ao wake hupanda na kushuka mara kadhaa kwa sekunde. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja upesi kuliko muda ambao nuru huchukua kukivuka. Kama mng'ao hubadilika ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, basi chanzo hakiwezi kuzidi upana wa kilomita 30,000, mahali padogo sana ukilinganisha na Jua lenye kipenyo cha takriban kilomita milioni 1.4. Kitu kidogo kiasi hicho, kilicho na uzito wa nyota nyingi kama Jua, ndicho kilichokuja kukubaliwa kuwa shimo jeusi la kwanza kutambuliwa. Hoja hiyo yote imesimama juu ya kikomo cha kasi ya nuru. Kwa mwalimu wa Kakuyuni anayetafuta mfano ulio karibu na nyumbani, upo: roketi iliondokea mkoa wake, na kanuni iliyo ubaoni ndiyo iliyofasiri kilichoonekana. Jukwaa la San Marco lilirusha setilaiti tisa kati ya 1967 na 1988, na kituo cha nchi kavu cha Ngomeni, kilichopewa jina la mhandisi Luigi Broglio, kimeendelea kufuatilia setilaiti baada ya hapo.

Nuru ya wapi?

Si kila habari ya kuipita nuru ni ya kosa. Nyingine ni ya kweli, ila neno moja limeachwa. Ndani ya maji nuru hupunguza mwendo hadi takriban kilomita 225,000 kwa sekunde, na elektroni yenye nishati ya kutosha huweza kuipita humo. Inapofanya hivyo hutoa mwanga wa buluu ulioitwa kwa jina la Mrusi Pavel Cherenkov. Kamiokande ilikuwa tangi la maji lililozungukwa na macho ya kunasa mwanga huo huo. Darubini za H.E.S.S. nchini Namibia hufanya kazi kama hiyo kwa kutumia hewa. Kwa hiyo sentensi "chembe zimeipita nuru" inaweza kuwa sahihi na isiwe na kishindo chochote. Kikomo cha Einstein ni kasi ya nuru katika ombwe.

Julai 2000 Lijun Wang na wenzake katika maabara ya NEC huko Princeton, Marekani, walipitisha mpigo wa nuru ndani ya mvuke wa madini ya sizi, na kilele cha mpigo kikatokea upande wa pili kabla ya wakati wake. Magazeti yakaandika kwamba nuru imekwenda mara 300 ya kasi yake. Kilele kilitangulia kwa nanosekunde 62, na kufanana kwa tarakimu hiyo na ya OPERA ni sadfa tupu. Watafiti hao walisema wenyewe kwamba hakuna ujumbe uliosafirishwa upesi kuliko nuru. Umbo la mpigo ndilo lililojisuka upya kutokana na ncha yake ya mbele, iliyokwisha kuingia. Tahadhari ya namna hiyo hiyo inahitajika kwa habari za chembe mbili zilizofungamana, ambazo zilivuma tena mwaka 2022 Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipotunukiwa Nobel: vipimo vya chembe hizo huafikiana hata zikiwa mbali, lakini hakuna awezaye kutumia maafikiano hayo kupeleka hata neno moja. Galaksi zinazotajwa kwamba hutuacha kwa kasi kuliko nuru nazo ni suala la nafasi yenyewe kutanuka.

Linabaki suala la lugha, ambalo ni la wahariri wa Kiswahili hasa. Taarifa hizi hufika kwa Kiingereza na kutafsiriwa usiku, ukurasa ukisubiriwa. Maneno ya tahadhari ndiyo ya kwanza kuanguka: "huenda", "yaelekea", "kwa mujibu wa kipimo kimoja". Tarakimu hufuata, maana bilioni na milioni hubadilishana kwa urahisi, na nanosekunde ikiandikwa sehemu ya milioni ya sekunde, mita 18 zinakuwa kilomita 18. Kisha kuna neno "nadharia", ambalo mitaani hutumika kwa maana ya dhana isiyo na uthibitisho. Nadharia ya uhusianifu si dhana ya namna hiyo. Saa zilizo katika setilaiti za GPS hutangulia zile za ardhini kwa maikrosekunde 38 kila siku, kama nadharia hiyo inavyotaka, na zisiporekebishwa, mahali ambapo simu huonyesha pangepotoka kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Mvuvi wa Malindi anayerudi na GPS chomboni anaitegemea bila kuitaja.

OPERA yenyewe haikujengwa ili kushindana na nuru. Ilijengwa ili kuona nyutrino za aina moja zikigeuka kuwa za aina nyingine safarini, zile ziitwazo tau. Iliipata ya kwanza mwaka 2010, ya tano mwaka 2015, na katika hesabu ya mwisho iliyochapishwa 2018 zilikuwa kumi.